Pikapu Iliyokwisha Tumika: Ikague Kabla Haijala Akiba Yako



Mwaka 2022 sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ilirekebishwa. Tangu hapo mfanyakazi wa Uganda aliyetimiza umri wa miaka 45, na aliyechangia kwa miaka 10, aweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake bila kungoja kustaafu. Hii ni haki ambayo wafanyakazi waliidai kwa muda mrefu. Wenzetu wengine wameitumia kujenga nyumba, wengine kulipa karo za watoto. Na si wachache, hasa wa mashamba ya chai, wa viwanda vya sukari, wa machimbo na wa ujenzi, wanaokuja katika ofisi za matawi na swali moja: je, fedha hizi nikinunua pikapu, nitakuwa nimefanya vema?

Sababu zao twazielewa. Pikapu humpeleka mtu kazini asubuhi, jioni humletea kuni, matoke au mabati, na Jumamosi humpandisha mlimani hadi kwa wazazi, mahali ambapo basi halifiki. Ni chombo kimoja cha kazi mbili. Lakini pikapu mpya ya dukani iko mbali na mishahara yetu, kwa hiyo tunayozungumzia hapa ni pikapu iliyokwisha tumika. Na katika ununuzi wa gari la namna hiyo, jasho la miaka 20 laweza kupotea kwa wiki tatu tu.

Makala haya tunayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya gereji na ya barabara, toka Malaba hadi Mpondwe. Neno letu ni hili: nunua gari la barabara yako, si gari la macho ya jirani. Tazama karatasi kwanza, chesisi pili, injini tatu, na jina la kampuni liwe la mwisho. Wala usitoe fedha zote ulizo nazo siku ya kununua.

ANZA NA BARABARA, SI NA GARI

Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, chukua karatasi uandike mambo matatu: unasafiri kilomita ngapi kwa siku; sehemu mbaya kuliko zote katika njia yako ikoje wakati wa mvua; na mzigo wako wa kawaida ni kilo ngapi.

Hapa kwetu barabara hazifanani. Mtu wa Kabarole au Kyenjojo hupita murami ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, na mwezi wa Aprili huwa kama sabuni. Katika miteremko ya mlima Elgon, upande wa Bududa, udongo mwekundu huteleza na njia ni nyembamba. Katika njia za ndani za Karamoja kuna udongo mweusi unaonata tairi mpaka gurudumu lisizunguke, na mito ya mchanga ambayo ni mikavu asubuhi na imejaa jioni. Mtu wa Jinja au Tororo, ambaye njia yake yote ni lami isipokuwa kilomita mbili za mwisho, ana shida nyingine kabisa.

Jiulize kwa haki: katika siku 365, ni siku ngapi utakwama usipokuwa na gari la kuvuta kwa magurudumu manne, yaani fowili? Kama ni siku tano, pengine pikapu ya kuvuta nyuma tu, yenye tairi nzuri na gunia mbili za mchanga juu ya ekseli ya nyuma, itakutosha, nayo ina vyuma vichache vya kuharibika. Kama ni siku 60, basi fowili ni ya lazima, na yakupasa kuinunua ikiwa inafanya kazi kweli, si ikiwa imeandikwa tu ubavuni.

Hesabu ya mafuta nayo hutoka katika karatasi hiyo hiyo. Tuseme unasafiri kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Pikapu ya dizeli ya lita 2.5 iliyo katika hali njema, inayokwenda kama kilomita 11 kwa lita, itakunywa lita 95. Land Cruiser kubwa ya silinda sita inayokwenda kama kilomita 7 kwa lita itakunywa lita 149. Tofauti ni lita 54 kila mwezi, yaani zaidi ya lita 600 kwa mwaka. Zizidishe lita hizo kwa bei ya kituo cha mafuta kilicho karibu nawe, kisha ulinganishe na mshahara wako. Gari lenye nguvu ambalo halina mafuta ni banda la kuku.

PIKAPU ZATOKA WAPI

Wengi wetu tumezoea kusema "gari la kutoka Japani". Kwa gari dogo la familia ni kweli. Kwa pikapu mambo ni tofauti kidogo. Toyota iliacha kuuza Hilux huko Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Kwa hiyo Hilux zilizotumika Japani aghalabu ni za kabla ya 2004, ama ni za karibuni mno ambazo bei yake haitufai. Nazo zile za kale, sheria ya barabara ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kuundwa. Majirani zetu wa Kenya wana kipimo kikali zaidi, cha miaka 8. Kwa sababu kanuni na ushuru hubadilika katika bajeti, ulizia ofisi ya mapato kabla hujatuma hata shilingi moja nje ya nchi.

Basi pikapu unayoiona mjini Kampala inatoka katika mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni gari lililouzwa hapa hapa likiwa jipya kwa kampuni au kwa tajiri, kisha likauzwa tena. Uzuri wake ni kwamba historia yake yaweza kuulizwa, na liliundwa kwa barabara na mafuta ya nchi zetu. Ubaya wake ni kwamba limekwisha pigwa na barabara hizo hizo.

Njia ya pili ni mnada wa magari ya serikali, ya miradi na ya mashirika. Mengi yametembea kilomita nyingi lakini yalikuwa na daftari la matengenezo. Likiwapo daftari hilo, lisome. Bali gari lililosimama uani miaka mitatu likingoja mnada ni jambo jingine: tangi hushika kutu, mipira ya breki hukauka, panya hula nyaya. Na kumbuka kwamba mnadani gari huuzwa kama lilivyo. Hakuna wa kumrudishia.

Njia ya tatu ni bondi za magari, ambako huwekwa pikapu zilizoletwa kwa meli kutoka Thailand, Uingereza, Australia na kwingineko wanakoendesha kushoto kama sisi. Kwa hizi omba cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya gari kupakiwa melini, ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye mita. Kwa gari la Uingereza jihadhari hasa na kutu, maana huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Juu gari litang'aa, chini chuma kimeliwa. Nissan Navara za umbo la mwaka 2005 na kuendelea zilipata sifa mbaya huko kwa chesisi kuoza hata kukatika, na hata za kampuni nyingine zilizotoka kwenye chumvi hiyo zinastahili nyundo na tochi.

INJINI ZA AINA TATU

Tukiacha majina ya kampuni, injini za dizeli utakazokutana nazo zagawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile za zamani zisizo na kompyuta, zenye pampu ya kawaida na nozeli za kawaida. Humo mna Toyota 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, Nissan TD27, Mitsubishi 4D56 za kale, na Isuzu 4JB1. Hazina mbio, na mlimani lori laweza kukupigia honi. Lakini fundi yeyote mwenye spana na akili timamu aweza kuzitengeneza chini ya mwembe. Injini kubwa ya Land Cruiser ya kazi, 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, imo katika ukoo huu, na ndiyo sababu inapendwa na watu wanaokwenda mbali na gereji. Adui yao mkubwa ni joto: rejeta ikiziba na dereva akipuuza sindano, silinda hedi hupasuka.

Fungu la pili ni zile zilizoenea kuanzia miaka ya 2000 ambazo kompyuta hupima mafuta na kuyasukuma kwa shindo kubwa mno: Toyota 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, Isuzu 4JJ1, Nissan YD25, na Mitsubishi za kizazi hicho. Zina nguvu na hazinywi sana. Lakini nozeli zake hazipendi uchafu wala maji. Dizeli ya kibuyu iliyouzwa kando ya njia yaweza kuua nozeli nne kwa safari moja, na bei ya nozeli nne mpya ni jambo la kumfanya mtu akae chini. Ukinunua injini ya namna hii, badilisha chujio la dizeli mapema, mwaga maji yanayokusanyika chini ya chujio, na nunua mafuta kwenye vituo unavyovijua.

Fungu la tatu ni zile mpya zaidi zilizo na kichujio cha masizi ndani ya ekzosi. Kichujio hiki hujisafisha chenyewe gari likienda mwendo wa kasi kwa muda. Mtu anayesafiri kilomita tano za polepole kila siku, kutoka nyumbani hadi kiwandani, hukiziba. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na hilo limesaidia. Lakini bado kwa mtu wa safari fupi na mafundi wa mbali, hatumshauri aanzie hapa.

Uliza pia juu ya mkanda wa taimingi. Injini nyingi tulizozitaja, kama 5L, 1HZ, 2KD, 1KD na 4D56, zinatumia mkanda, nao una umri wake, kilomita 100,000 hadi 150,000 kwa kadiri ya injini. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo umenunua injini mara ya pili. Isuzu 4JJ1 hutumia mnyororo. Muuzaji akisema "nilibadilisha juzi" pasipo karatasi wala mkanda wa zamani, hesabu kwamba haujabadilishwa.

KARATASI KWANZA

Watu wengi hufungua boneti kabla ya kufungua daftari la gari. Twasema geuza utaratibu huo. Injini mbovu yaweza kutengenezwa. Gari la wizi halitengenezeki.

Jina lililo katika daftari liwe ni la mtu aliye mbele yako, na kitambulisho chake kithibitishe. Akisema gari ni la shemeji yake aliye safarini, mngoje shemeji. Linganisha nambari ya chesisi iliyo katika daftari na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ambayo kwa pikapu nyingi iko upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Ipapase kwa kidole. Ikiwa imesuguliwa, imechomelewa, au rangi ya hapo ni mpya ilhali kote ni ya zamani, aga vizuri uondoke.

Kisha nenda ofisi ya usajili ukaombe taarifa ya gari, ujue kama benki au mkopeshaji ana dai juu yake. Wako watu wanaoweka daftari rehani, kisha wakauza gari kwa nakala. Fedha zipite benki, si mfukoni, mashahidi wawepo, na hati ya kubadilisha jina itiwe sahihi siku ile ile. Gari likibaki katika jina la mwingine, makosa yake na madeni yake yaweza kukufuata, nawe usiwe na la kusema.

INGIA CHINI YA GARI

Vaa nguo za kazi. Chukua tochi, nyundo ndogo na gunia la kulalia. Muuzaji asiyekuruhusu kuingia chini ya gari amekwisha kukujibu.

Chesisi ndiyo uti wa mgongo wa pikapu. Itazame kuanzia mbele hadi nyuma, hasa sehemu mbili: nyuma ya kabini, na juu ya ekseli ya nyuma. Pikapu ya kabini mbili ina sanduku fupi linalotokeza nyuma ya ekseli. Ikibebeshwa mzigo mzito mwishoni na kupita makorongo, chesisi hupinda au kupata nyufa mahali hapo. Simama pembeni, hatua kumi, uangalie nafasi kati ya kabini na sanduku: juu na chini ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, gari limepinda au liligongwa. Gonga kwa nyundo polepole. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi. Lami au rangi nyeusi iliyopakwa jana chini yote aghalabu inaficha welding.

Tazama springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangana: kimoja kilichokatika huonekana kwa mstari safi unaong'aa. Tazama kama vimeongezwa vyuma vya lori. Hiyo ni alama kwamba gari lilibeba kupita uwezo wake kwa miaka. Tazama mipira ya ekseli za mbele. Ikipasuka, matope huingia na kula vyuma vyote vya ndani. Kisha hakikisha propela shafti ya mbele ipo. Msishangae, ndugu. Wako wenye magari wanaoitoa inapoharibika, wakaacha kitasa cha fowili ndani ili mnunuzi akichezee.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara ndefu. 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane, hata likiwa na meno mazuri, mpira wake umekwisha kukauka. Saizi yake iwe ile inayopatikana kwa urahisi, ya rimu za inchi 15 au 16, na yenye alama ya kubeba mzigo, kama herufi C mwishoni mwa saizi. Rimu kubwa za kung'aa hupendeza harusini, lakini kwenye mawe tairi lake jembamba hupasuka, na la kulibadilisha hulipati Kyenjojo.

WASHA INJINI IKIWA BARIDI

Mwambie muuzaji kwamba utafika asubuhi na asiliwashe gari. Ukifika, weka mkono juu ya rejeta. Ikiwa ni moto, anajua kitu ambacho wewe hujui, ngoja ipoe.

Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi. Maji yasiwe na mafuta juu. Toa kijiti cha kupimia oili. Isiwe na rangi ya chai ya maziwa. Kisha washa. Dizeli nzuri itawaka baada ya sekunde chache za kupasha plagi. Moshi utakuonyesha njia: mweusi ukikanyaga mafuta ni nozeli, chujio la hewa au pampu, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni nozeli au maji yanayoingia ndani. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo si neno. Lakini ikipumua kwa nguvu hata kifuniko kurushwa, ringi zimekwisha.

Usiamini mita ya kilomita peke yake. Tazama raba ya pedali ya breki, usukani, na kiti cha dereva. Gari la kilomita 80,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

FOWILI IJARIBIWE KWENYE UDONGO

Jaribu gari kwa saa nzima, si kuzunguka bondi mara moja. Liende lami, liende murami, lipande kilima likiwa na watu wanne nyuma ya usukani wa mtu unayemwamini. Mkono ukiachia usukani kwenye lami tambarare gari lisikimbilie upande. Ukifunga breki lisivute. Sauti ya kulia inayopanda na mwendo ni difu au beringi.

Pikapu nyingi za kazi zina fowili ya kuunganisha na kuachia. Usiitumie kwenye lami kavu, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi sawa katika kona, na nguvu ile isipopata pa kutokea huvunja giaboksi ndogo ya fowili. Ijaribu kwenye udongo: unganisha, nenda moja kwa moja, kisha ingiza ile gia nzito ya kwenda polepole. Gari litambae kama kobe bila kukanyaga breki mteremkoni. Likiruka gia, likigonga, au taa ikimemeta bila kutulia, punguza bei ama ondoka.

Na tuseme hili la maji. Wenzetu wa Kasese walioona mto Nyamwamba mwaka 2013 na tena 2020 hawahitaji kuhubiriwa. Bomba refu la hewa lililochomekwa kando ya kioo halikufanyi kuwa boti. Maji usiyoweza kuyavuka kwa miguu usiyavuke kwa gari.

UZITO HAUDANGANYIKI

Pikapu nyingi za aina hii zimeundwa kubeba baina ya kilo 700 na 1,000, na hesabu hiyo ni pamoja na watu. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Mifuko 10 ya saruji ni kilo 500. Tayari ni kilo 850. Sanduku la kabini moja likijazwa mchanga hadi ukingo lapita tani mbili. Anayefanya hivyo kila wiki hana pikapu. Ana chesisi inayosubiri siku ya kukatika, na siku hiyo aghalabu ni mteremkoni.

Kwa sababu hiyo hiyo tunarudia msimamo wa chama: watu si mzigo. Wafanyakazi wasirundikwe nyuma ya pikapu kwenda zamu, awe ni mwajiri anayewabeba au mwenzao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake kazini.

HESABU YA FEDHA

Gawa fedha zako katika mafungu 10. Saba ziwe bei ya gari. Moja iwe ya karatasi, kubadilisha jina, na bima. Na ujue kwamba bima ya lazima ya mtu wa tatu humlipa uliyemgonga, haitengenezi gari lako. Mbili zikae kando kwa miezi mitatu ya mwanzo: oili zote za injini, giaboksi na difu, mkanda wa taimingi, machujio, betri, na tairi mbili ikiwa lazima. Gari ambalo bei yake humeza mafungu yote 10 si lako, hata kama ni zuri.

Kabla hujakubaliana bei, pita kwa wauza spea wa Ndeeba au Katwe uulize bei ya vitu vitano vya gari lile: klachi, nozeli, rejeta, beringi ya gurudumu, na kioo cha mbele. Kisha mwulize fundi wa mji wako, si wa Kampala, kama amewahi kulitengeneza. Hapa ndipo jina la kampuni linapoingia. Hilux huuzwa ghali kuliko wenzake wa umri mmoja kwa sababu spea zake zipo kila kituo na atakayeinunua kwako yupo. Lakini Isuzu iliyotunzwa ni bora kuliko Hilux iliyochoka. Unalipa hali ya gari, hulipi bango.

Wanachama wanaotaka kununua pamoja, watatu au watano, waandike mapatano kwanza: nani jina lake litakuwa katika daftari, nani analiendesha, nani analipa likiharibika, na atakayejitoa atalipwa vipi. Urafiki mwingi umevunjika kwa ajili ya tairi moja.

Jambo la mwisho linahusu mwajiri. Mfanyakazi akipata pikapu, haichukui muda msimamizi kumwomba abebe vifaa, apeleke mbegu, amchukue mgonjwa wa kambini. Kumsaidia mgonjwa ni utu. Lakini kazi ya kampuni ifanywayo kwa gari lako kila wiki ina bei: mafuta, tairi, na uchakavu wa chombo ulichokinunua kwa akiba ya uzeeni. Mapatano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi, na tawi lipate nakala.

Anayetaka kukagua gari asiende peke yake. Amwone katibu wa tawi lake, kwa kuwa katika kila tawi wamo madereva na makanika ambao ni wanachama wenzetu. Amchukue mmoja wao, amlipe nauli na chakula cha mchana, aende naye. Asilimia 20 ile hutolewa mara moja. Iliyobaki ya akiba yako utaiona ukifikisha miaka 55.